Feni Inazunguka

Zahanati, 3 Machi

Mdogo wangu Spana,

Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Huku bondeni sote wazima, ila Bi Mkubwa ana homa.

Usicheke. Najua utasema dada yako ni mkunga, akikutana na kitu cha moto lazima akipime. Lakini gari linaumwa kweli. Kila nikiupanda mlima kwenda hospitali, mshale wa joto unapanda nami. Tukifika ile kona ya machimbo ya mawe umeshaingia kwenye wekundu. Nasimama, nasubiri lipoe, naendelea. Juzi nilikuwa na mama mwenye mapacha tumboni, tukakaa pale konani mimi nikimpepea kwa jalada la faili na yeye akinipa pole mimi.

Mlinzi wetu alifungua boneti akasema feni imelala. Aliisukuma kwa kijiti, ikajizungusha kivivu kama mtu aliyeamshwa kwa nguvu, ikalala tena.

Wewe ndiye uliyelifufua gari hili kutoka kwenye vyuma chakavu. Ulipolileta ulisema, "Dada, sasa hakuna mama atakayefikishwa hospitali kwa mkokoteni." Basi njoo umtibu mgonjwa wako. Au kama huwezi upesi, niandikie la kufanya. Mnara wa simu ulioangushwa na dhoruba bado umelala chini, hakuna anayeuulizia, kwa hiyo barua anachukua dereva wa lori la maziwa. Mpe jibu arudi nalo.

Jirani yangu mwalimu wa darasa la kwanza anakusalimu. Yule aliyekubandika jina la Spana, watoto wake wakakuimbia hadi ukajificha chini ya gari. Ana mimba ya kwanza, na mumewe seremala ameshatengeneza kitanda cha mtoto kikubwa utadhani anazaliwa askari. Presha yake sijaipenda. Nataka ajifungulie hospitali, hapa kwangu hapana. Ndiyo maana nakusumbua.

Dada yako


Mjini, 9 Machi

Dada,

Kwanza kabisa: usifungue mfuniko wa rejeta gari likiwa la moto. Hata kama nani kakuambia. Maji yale yatakuondoa uso.

Sasa tuanze kama mnavyoanza ninyi, swali kwa swali. Chini ya usukani, upande wa mlango, kuna kisanduku cha fyuzi. Ya feni ni ile kubwa kuliko wenzake, utaijua hata kwa kuipapasa. Itoe. Ikiwa imekatika ndani, weka nyingine. Ikiwa nzima, nenda kwenye feni yenyewe, chomoa plagi yake, uunganishe waya mbili moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka, mota ni nzima na ugonjwa uko kwenye swichi ya joto au kwenye relei, kile kidude kinachoipelekea feni umeme. Isipozunguka, mota imekufa. Usiifanyie matanga, tafuta nyingine. Pale njia panda kuna fundi, si mbaya, atakupatia iliyotumika.

Ningekuja mwenyewe, ila gereji imejaa. Magari yamebanana kama meno.

Mwambie mwalimu jina lake limenishinda kulivua. Siku hizi hata mke wangu ananiita hivyo. Na mwambie seremala kitanda kikubwa ni sawa, mtoto wa mtu anayecheka vile hawezi kuwa mdogo.

Spana


Zahanati, 24 Machi

Mdogo wangu,

Nimefanya yote. Fyuzi nzima. Mlinzi alishika waya, mimi nikagusisha kwenye betri, cheche zikaruka, mlinzi akaruka kuliko cheche. Feni kimya. Nikaenda kwa fundi wa njia panda. Mtu mchangamfu, ana mota za feni zimening'inia bandani kwake kama popo. Akafunga moja, akawasha gari, tukasikia vuuu! Akapiga makofi. "Mama, inazunguka!"

Na kweli inazunguka. Kwa kelele kuliko ile ya zamani. Lakini sikiliza ajabu: gari linachemka upesi zaidi kuliko mwanzo. Zamani nilifika konani, sasa hata konani sifiki. Nilimrudia fundi, akainama, akatazama, akasema, "Feni inazunguka mama, tatizo si feni. Labda mlima."

Mlima! Mlima ulikuwepo kabla ya babu yake.

Njoo, Spana. Mwaka jana ulikuwa unakuja hata bila kuitwa, unakula, unalala, unaondoka na kuku wangu. Sasa nakuita hutaki. Nimekukosea nini? Na mbona siku hizi unaandika kwa mwandiko mzuri hivi, kama karani? Zamani barua yako nilihitaji mkalimani.

Miguu ya mwalimu imevimba. Nimemwambia asisimame darasani, anafundisha ameketi, watoto wanamletea chaki na kumpangusia ubao. Njoo.

Dada yako


Mjini, 31 Machi

Dada,

Hujanikosea. Nina safari za kazi, nikipata nafasi utaniona mlangoni. Mwandiko ni utu uzima.

Feni ikiwa inazunguka, basi tuiache, tutafute kwingine. Washa gari likiwa baridi, lipate moto, kisha gusa bomba la juu la rejeta na bomba la chini. Gusa kwa uangalifu, usishikilie. La juu likiwa la moto na la chini baridi, maji hayapiti. Hapo ni themostati, kile kilango cha maji ya injini, imeziba njia, au rejeta imejaa kutu. Mlinzi aondoe themostati. Iko mwisho wa bomba la juu, ndani ya kikombe chenye boliti mbili. Halafu aoshe rejeta kwa mpira wa maji hadi maji yatoke meupe.

Na sikiliza injini. Ikipata moto sana inagonga, kama mtu anayebisha mlango kwa kucha. Ukisikia hivyo umechelewa.

Mpaka tuujue ugonjwa, shika hili moja: mshale ukipanda, simama, lipoe. Usilazimishe. Injini ile ikikwama hatutapata nyingine, na bonde zima litarudi kwenye mkokoteni.

Spana


Zahanati, 14 Aprili

Spana,

Barua yako niliipata. Themostati imetolewa, rejeta imeoshwa. Gari lilichemka tena, kabla ya kona. Nimeliegesha nyuma ya zahanati. Usihangaike nalo tena.

Msalimie wifi.

Dada


Mjini, 21 Aprili

Wifi yangu mpenzi,

Ninayekuandikia leo ni mimi mwenyewe, kwa maneno yangu. Mwandiko usikushangaze, ni uleule. Barua zote ulizopata tangu mwaka huu uanze nimeziandika mimi, yeye akitamka.

Wifi, mdogo wako haoni.

Ilianza kwa ukungu. Alikuwa anafuta macho, anasema ni moshi wa gereji. Kumbe ni ile sukari uliyomwambia akapime, naye akakujibu kuwa damu yake ina oili, haina sukari. Tulipokwenda kwa daktari, jicho moja lilikuwa limekwisha. La pili lilimfuata kabla ya mvua. Gereji ameichukua mwenzake. Wanamwekea kigoda pale mlangoni, anasikiliza injini, anawaambia hii ina hiki, ile ina kile. Wengine humsikiliza. Wengine humpa shikamoo wakaendelea na kazi yao.

Alinikataza nisikwambie. Alisema, "Dada akijua ataacha wagonjwa wake aje kunishika mkono. Acha nimsaidie gari kwanza, hilo bado naliona." Nami nikanyamaza. Mficha uchi hazai, wifi, wewe ndiye unayejua zaidi maana ya msemo huo, lakini angekuwa wako ungefanyaje?

Sasa nakuandikia kwa sababu ya barua yako fupi. Ananiomba niisome, nikimaliza ananiomba tena. Anasema, "Dada hajawahi kuniandikia bila kunitukana kidogo. Kuna jambo." Halali. Kuna jambo gani, wifi?

Wifi yako


Zahanati, 28 Aprili

Wifi,

Niliisoma barua yako nimesimama kwenye dirisha la dawa, na watu kwenye foleni walidhani nimefiwa upya. Mimi ndiye niliyempima kila mtu katika bonde hili, mdogo wangu nikamwacha anitanie kuhusu oili. Ningemburuta kwa sikio. Haya, yameshamwagika.

Nitakwambia lililotokea, lakini ni lako peke yako. Yeye msomee salamu tu. Niapie.

Mwalimu amefariki.

Alikuja mchana, siku chache kabla ya ile barua yangu fupi, watoto wakiwa mapumzikoni, ameshika kichwa. Anasema anaona nyota. Presha ilikuwa juu mno, na uchungu umeanza. Nilimpa sindano niliyokuwa nayo, nikamlaza kiti cha nyuma, seremala akampakata kichwa, tukaondoka. Nikasema, Bi Mkubwa, leo tu. Leo tu nisitiri.

Kabla ya kona, mshale ukaingia kwenye wekundu. Wifi, nilikumbuka alivyosema: simama, lipoe, usilazimishe. Nikasimama. Niliacha injini inanguruma polepole ili feni ifanye kazi, nikaenda mbele ya gari kuitazama kupitia kwenye wavu. Ilikuwa inazunguka. Ilinipulizia upepo wa moto na vumbi usoni hadi nikafumba macho, na nikajifariji, inafanya kazi, inafanya kazi, subiri kidogo.

Seremala akaniita. Mtoto alikuwa anakuja. Nilimpokea palepale kwenye kiti. Wa kike, analia vizuri. Kisha damu ikaanza na haikukoma. Nilifanya yote ninayoyajua. Niliminya, nilichoma sindano ya mwisho, niliomba. Hakuna gari lililopita. Nikaacha kuisikiliza ile amri, nikarudi kwenye usukani nikalilazimisha lipande linavyochemka, likapanda kidogo, likakohoa, likazima. Yeye alikuwa ananiuliza, "Bado?" Nami namjibu, "Bado kidogo." Akauliza tena, "Bado?" Halafu hakuuliza.

Lori la mawe lilitukuta baadaye. Seremala alikuwa amevua shati amemfunika mtoto.

Usimsomee, wifi. Aliniandikia nisimame, na nilisimama. Akilijua hilo atalibeba gizani, na giza alilonalo linatosha.

Wifi yako


Mjini, 5 Mei

Dada,

Mke wangu hajui kudanganya. Mimi ni kipofu, si kiziwi. Barua ilifunguliwa nikasikia karatasi tatu, halafu akanisomea salamu zinazotosha kiganja. Nikamwambia, sawa, mengine yenu wanawake, lakini yanayohusu gari ni yangu. Nisomee ya gari tu.

Akafikiri hilo halina madhara. Akanisomea pale uliposimama mbele ya Bi Mkubwa, feni ikakupulizia upepo wa moto usoni.

Nikamwambia, "Rudia." Akarudia.

Dada, feni ile haitakiwi kukupulizia wewe. Inakaa nyuma ya rejeta, kazi yake ni kuvuta upepo wa nje uingie, upite kwenye rejeta, uende kwenye injini. Ukisimama mbele, nguo yako inatakiwa ivutwe kuelekea gari. Kama inakusukuma, inazunguka kinyume. Inaitapikia rejeta joto la injini, na gari likipanda inapigana na upepo unaotaka kuingia. Yule fundi aliunganisha waya mbili za mota kichwa chini. Basi. Zile waya mbili tu.

Niliruka kutoka kitini. Niligonga meza, nikapiga makofi, nikapiga kelele, "Tumempata! Tumempata!" Nilifurahi, dada, lazima nikwambie jinsi nilivyofurahi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nipofuke kujiona fundi. Mke wangu hakucheka. Nikamwuliza, "Kwani pale alisimama akimsubiri nani?" Akaanza kuikunja barua. Nikamwambia, "Soma." Akasoma yote.

Nilikuuliza kama inazunguka. Sikukuuliza inazungukia upande gani. Fundi anayeona hahitaji hata kuuliza, anasogea tu, anahisi. Na ndilo linaloniua: halikuhitaji macho. Ningekuja mwaka huu ungenishika mkono ukaniweka mbele ya bampa, kiganja changu kingeniambia kabla hujamaliza salamu. Nilikaa huku nikificha macho, na kazi ilikuwa ya mkono.

Fanya hivi. Gari likiwa limezimwa na limepoa, chomoa plagi ya feni. Waya mbili zinazoingia kwenye mota, mlinzi azibadilishe, ya huku ikae kule. Kisha washa, ushike karatasi mbele ya wavu. Ikivutwa ikanata, imekubali. Kama injini ilikwama siku ile, mwambie aizungushe kwa mkono kwanza. Ikizunguka bila kukwaruza, imetusamehe.

Kuhusu seremala sijui nikushauri nini. Mwambie. Au usimwambie. Nimelala nikiwa na jibu moja, nikaamka na lingine. Yule mwalimu alinipa jina, dada. Kila mtu gereji ananiita kwa mdomo wa mwalimu.

Spana


Zahanati, 19 Mei

Mdogo wangu,

Tumefanya ulivyosema. Kazi yenyewe iliisha hata kabla ya chai ya mlinzi. Karatasi ilikuwa tangazo la chanjo. Ilinata kwenye wavu kama imebandikwa kwa gundi, na mlinzi akashangilia. Nikamwambia anyamaze. Hakuelewa kwa nini, akaenda kukaa getini amekasirika.

Nililipandisha peke yangu. Konani mshale ulikuwa katikati. Kileleni ulikuwa katikati. Nitakwambia kitu na usinifikirie vibaya: nilitamani lichemke. Nilitamani iwe injini nzima imeharibika, iwe mlima, iwe kitu kikubwa kinacholingana naye. Nilifika kileleni nikasimama bila sababu, gari linanguruma kama paka, na hospitali ikiwa chini pale, naona hadi nguo zilizoanikwa uani.

Nilikwenda kwa fundi wa njia panda. Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu nyumbani. Nilipomweleza aliacha spana ikadondoka. Akasema, "Lakini ilikuwa inazunguka, mama." Akasema tena, kwa sauti ndogo, "Ilikuwa inazunguka." Nikaona hata hao popo wake wa mota bandani hawajui wanazunguka kwenda wapi. Sikumtukana. Nimemwacha amekaa juu ya tairi.

Wewe, jiandae. Nakuja mwisho wa mwezi, na usiniambie habari za safari za kazi. Nitakupeleka kwa daktari mwingine wa macho. Ninajua atakavyosema, nawe unajua, lakini tutakwenda. Na miguu yako nitaikagua mwenyewe, kidole kwa kidole, kwa sababu sukari haishibi macho peke yake. Kuku nitakuletea, usije ukaiba. Halafu ukipenda nitarudi na wewe, ukae huku kidogo. Sikulaumu. Nilipoandika usisomewe nilijua kuwa ulichoniandikia ndicho hata mimi ningemwandikia mtu. Lakini usiniombe niseme halikuniuma, maana lilipouma hukuwepo, na nilikuwa nakukasirikia wewe niliyedhani unaona.

Seremala. Nilipanga kumwambia Jumatatu, nikasema Jumatano. Alhamisi akaja mwenyewe. Mtoto alitakiwa kupelekwa hospitali kupimwa uzito na kuchanjwa, maana kwangu chanjo zimekwisha, akasema amesikia gari limepona, anaomba nimsindikize. Nikasema twende.

Alikaa mbele, mtoto kifuani amefungwa kwa kanga ya mamake. Hakutazama njia. Alitazama ule mshale tangu tulipotoka zahanati. Tulipoikaribia kona alimshika mtoto kwa mikono miwili. Mshale haukutikisika. Tukapita. Mimi nilikuwa nimebana meno hadi taya zinauma.

Kileleni akaniuliza, "Lilikuwa na nini?"

Nikasema, "Feni."

Akasema, "Ah. Feni."

Nikangoja aulize zaidi. Ningemwambia, Spana, naapa. Angeuliza moja tu ningemwaga yote. Yeye akamfunika mtoto sikio kwa sababu ya upepo wa dirishani, akageuka akatazama chini, kule hospitali.

"Leo limekubali," akasema.

Nikamwambia, "Limekubali."

Dada yako